Novemba Si Hali ya Hewa

Kila mwaka, Oktoba ikikaribia kuisha, orodha za nyimbo za Novemba huanza kuzunguka mitandaoni. Picha ya juu huwa ni ile ile: kikombe cha kahawa, sweta kubwa, na njia iliyojaa majani ya rangi ya chungwa. Anayeisambaza yuko Rongai. Nje kwake kuna matope, na majani pekee yaliyoanguka ni ya mparachichi wa jirani.

Simcheki mtu. Mimi pia nazisikiliza, na baadhi ni tamu. Shida yangu ni kwamba nyingi zinadhani Novemba ni hali ya hewa. Weka piano ya polepole, taja mvua, taja baridi, basi, umepata mwezi. Ndiyo maana nyingi zinasahaulika kabla ya Krismasi.

Kwa hivyo nina kipimo changu. Chukua wimbo, ondoa neno Novemba, ondoa mvua, ondoa majani. Je, kilichobaki bado kina Novemba ndani? Kama hakuna kitu, tumeuziwa sweta.

Tukubaliane kwanza Novemba ni nini huko kwao ilikozaliwa kama hisia. Kaskazini mwa dunia, mwezi huu majani karibu yamemaliza kupukutika. Marekani, Jumapili ya kwanza ya Novemba saa zinarudishwa nyuma, na mtu anatoka kazini giza limeshaingia. Krismasi bado iko mbali. Ni mwezi ambao hasara imeshatokea na faraja haijafika. Sisi tulio karibu na ikweta hatuna giza hilo. Jua la Nairobi linazama mwendo wa saa kumi na mbili na nusu, iwe Machi au Novemba. Kinachotufikia ni hesabu: mwaka umebaki kipande, na uliyosema ungefanya unayajua, na usiyoyafanya unayajua zaidi. Kwangu, wimbo wa Novemba ni ule unaofanya hesabu hiyo bila kuharakisha kukufariji.

Tuanze na ule usioepukika. "November Rain" ya Guns N' Roses iko kwenye albamu ya Use Your Illusion I ya Septemba 1991, na inakaribia dakika tisa. Axl Rose alikuwa ameubeba wimbo huo tangu miaka ya themanini. Video yake, ile ya harusi inayogeuka kuwa mazishi, ilikuwa ya kwanza kati ya video za miaka ya tisini kutazamwa mara bilioni moja YouTube, mwaka 2018. Hapa Nai tumeufanya kama wimbo wa taifa wa mvua. Tone la kwanza likigonga mabati, kuna mse ashauweka kwa status.

Sasa tumia kipimo. Kwa dakika sita na ushei, Novemba ni pambo tu. Uite wimbo wa mvua ya Aprili na hadithi haibadiliki: watu wawili, mapenzi yanapoa, mmoja anaomba subira. Vinanda vinapanda, gitaa la Slash linalia, na kila kitu kinatuhakikishia kwamba huzuni hii ni kubwa na inapendeza. Mvua yenyewe ni ya filamu. Kwenye video inaangukia karamu ya harusi, na jamaa mmoja anarukia keki. Novemba 2023 sisi tuliona mvua nyingine: mafuriko ya El Niño yaliyofagia nyumba Garissa, Tana River, Mandera hadi Pwani, na kuua zaidi ya watu mia moja nchini. Simdai Axl Rose ajue habari za Tana River. Nasema tu kwamba mvua kama pambo ni wazo la mtu ambaye paa lake halivuji.

Lakini subiri. Karibu na dakika ya saba wimbo unatulia kana kwamba umekwisha. Kisha piano inarudi na kitu tofauti kabisa, kizito, na sauti zinaanza kupandana zikirudia wazo moja kwamba mtu anahitaji mtu. Hakuna tena kuomba subira. Muda umeisha, kilichobaki ni kupiga kelele. Hizo dakika mbili za mwisho ndizo Novemba. Zile za mwanzo ni tangazo lake. Ajabu ni kwamba redioni mara nyingi hiyo sehemu ya mwisho ndiyo inakatwa ili matangazo ya biashara yaingie.

Wimbo wa pili hautaji mwezi wowote, na unapita kipimo kwa urahisi. "Les Feuilles mortes" ulitungwa Ufaransa mwaka 1945. Muziki ni wa Joseph Kosma, Myahudi kutoka Hungaria aliyekuwa amehamia Paris. Maneno ni ya mshairi Jacques Prévert. Ukaunganishwa na filamu ya Les Portes de la nuit ya 1946, ambayo Yves Montand aliigiza, na Montand akaubeba maisha yake yote. Kichwa cha Kifaransa kinasema wazi: majani yaliyokufa. Johnny Mercer alipoandika maneno ya Kiingereza, ukawa "Autumn Leaves", majani ya msimu. Kifo kimeondolewa mlangoni, kama vile mtu anavyoficha barua ya hospitali wageni wakija.

Lakini kifo kilikuwa kimeshajificha ndani ya muziki, mahali ambapo mfasiri hafiki. Sikiliza melodi. Inapanda nota tatu kwa ngazi, inaruka juu, inakaa. Kisha inafanya hivyo hivyo tena, ila ikianzia ngazi moja chini. Tena, ngazi moja chini. Mara nne. Kila mara ni kama mtu anajaribu kuinuka, na kila mara sakafu imeshuka kidogo. Huhitaji kuambiwa kuna jani. Jani ndilo hilo.

Ndiyo maana toleo ninalolipenda halina neno hata moja. Mwaka 1958 Cannonball Adderley aliurekodi kwenye albamu yake ya Somethin' Else, Miles Davis akiwa kwenye tarumbeta, karibu dakika kumi na moja. Miles anapuliza kama mtu asiyetaka kuamsha watu wa nyumba. Na waliurekodi Machi! Hakukuwa na jani la kuanguka New Jersey mwezi huo. Hiyo ndiyo hoja yangu yote. Novemba iko kwenye namna wimbo ulivyojengwa. Kalenda haihusiki.

Sasa nije kwa wimbo ambao kwangu ndio bora kuliko yote, na ambao wasomaji wengi wa rika langu hawaujui, labda kwa sababu ulikuwa wa redio za wazee. Tarehe 10 Novemba 1975, jioni, meli ya mizigo iitwayo SS Edmund Fitzgerald, iliyojaa madini ya chuma, ilizama kwenye Ziwa Superior katikati ya dhoruba. Watu 29 walikuwa ndani. Hakupona hata mmoja. Gordon Lightfoot, mwimbaji wa Kanada, alisoma habari hiyo kwenye jarida la Newsweek, akaandika "The Wreck of the Edmund Fitzgerald". Ulitoka 1976, na kufikia Novemba mwaka huo ulikuwa namba mbili kwenye chati ya Billboard ya Marekani.

Unaweza kusema: huu si ni wimbo wa hali ya hewa kabisa? Dhoruba, upepo, mawimbi. Ndiyo, ila hapa hali ya hewa ina tarehe, na ina idadi ya waliokufa. Haiko pale kupamba moyo wa mtu.

Angalia pia kitu ambacho Lightfoot amekataa kutupa: wimbo hauna korasi. Korasi ndipo wimbo hukukalisha chini, ukajua ulipo, ukaimba na wenzako. Yeye anakunyima. Ni ubeti baada ya ubeti, sauti ile ile ikizunguka kwa dakika sita na nusu, bila kupandisha mori, bila solo ya kuonyesha ubingwa. Meli inaondoka, upepo unabadilika, mpishi anaongea, maji yanaingia, na melodi haijali. Inarudi tu kama wimbi. Kufikia katikati unaelewa kwamba hakuna mahali pa kupumzika, na pia hawa watu hawakupata. Umbo la wimbo limekuwa habari yenyewe.

Mwishoni kengele inagongwa kanisani Detroit, mara moja kwa kila aliyekufa. Hilo lilitokea kweli, kwenye Mariners' Church, na lilikuja kuwa desturi ya kila mwaka. Na wimbo wenyewe haukukaa kama sanamu. Mwaka 2010, baada ya uchunguzi mpya kutilia shaka dhana kwamba mabaharia ndio waliozembea kufunga vifuniko vya meli, Lightfoot alibadilisha mstari mmoja kila alipoimba jukwaani, ili wafu wasibebeshwe lawama. Fikiria hilo. Ngoma imeshakuwa maarufu miaka thelathini na zaidi, hakuna anayekudai, na unarudi kurekebisha kwa ajili ya familia. Alipofariki Mei 2023, kanisa lile liligonga kengele mara 30: 29 za mabaharia, na moja yake.

Mjomba wangu ni mtu wa Mbita na anapenda country kama Wakenya wengi wa umri wake. Wimbo huu ukiingia redioni alikuwa haongei hadi uishe. Nikamuuliza siku moja kwa nini ziwa la Marekani linamgusa hivyo. Akasema, "Hao walihesabiwa, baba." Sikuelewa hadi niliposoma kuhusu MV Bukoba. Superior ndilo ziwa kubwa zaidi la maji yasiyo na chumvi duniani kwa eneo. La pili ni hili letu, Victoria. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na mamia ya watu. Abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha ya majina. Hiyo ni tofauti kubwa kuliko theluji na jua. Kule mtu aligonga kengele mara 29 kwa sababu alijua ni 29.

Nyimbo mbili za mwisho ni za karibu zaidi na sisi kwa umri, nazo zinautumia mwezi kwa njia mbili zinazopingana.

Kwenye "Gone Till November" ya Wyclef Jean, kutoka albamu ya The Carnival ya 1997, Novemba bado haijafika. Ni ahadi. Jamaa anaondoka kwenda kutafuta pesa kwa njia isiyo halali na anamwachia mpenzi wake ujumbe: nitarudi mwezi huo. Wyclef, mzaliwa wa Haiti aliyekulia Marekani, anaimba kwa utulivu wa kutisha, vinanda vikimbembeleza nyuma. Hata Bob Dylan anatokea kidogo kwenye video, ameketi tu kama abiria. Ukiusikiliza haraka ni wimbo wa mapenzi. Ukiusikiliza vizuri, unagundua hakuna popote anaporudi. Wimbo unaisha mwezi ukiwa bado mbele. Yeyote aliyewahi kumsindikiza dada au shangazi JKIA akienda Ghuba kwa mkataba wa miaka miwili anaijua tarehe ya aina hii. Unaiandika kwenye kalenda, unaitaja kwenye maombi, na kila simu ikikatika unaiangalia tena. Wyclef alielewa kwamba tarehe ya kurudi ndiyo sehemu ya safari inayouma zaidi.

Kwa Tyler, the Creator, ni kinyume. "November", kwenye Flower Boy ya 2017, inaufanya mwezi kuwa mahali ulipokuwa na furaha na hukujua. Kwanza Tyler anamwaga hofu zake kwa mfululizo: pesa, marafiki, kama muziki wake bado una maana. Kisha watu mbalimbali wanaeleza kila mmoja Novemba yake, yaani kipindi chake kizuri kilichopita. Kumbuka huyu ni mtoto wa California, ambako Novemba watu wanatembea na kaptula. Hana jani, hana baridi, na hakuhitaji. Kwenye wimbo wenyewe mwisho anapiga simu ili amwimbie mtu. Wimbo unaofuata, "Glitter", unaishia na sauti ya mashine ikisema ujumbe haukupokelewa. Hakuna anayejibu.

Swali la Tyler halinipiti. Novemba yangu ni ya mwaka wa pili chuoni, watu sita tukisomea laptopu moja hosteli, tukipika ndengu kwa koili iliyopigwa marufuku. Mwaka uliofuata karo ilinishinda na nikaacha. Sasa kila mwezi huu orodha za watakaohitimu zinapoanza kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp, napitia majina kwa herufi, na natua mahali ambapo langu lingekuwa. Hakuna mvua katika hilo. Hakuna jani. Lakini weka ule wimbo wa Kosma nyuma yake, ngazi moja chini, tena ngazi moja chini, na utaona unakaa vizuri kuliko wimbo wowote wenye sweta.

Ndiyo maana sikubali ule usemi kwamba vijana wa Nairobi tunaosikiliza nyimbo hizi tunaazima huzuni ya wazungu. Picha ndiyo tunaazima. Hesabu ni yetu. Ila kuna jambo moja ambalo nyimbo hizi zote tano haziwezi kutusemea, na Kiswahili chenyewe kinatuonyesha. Nimeona wafasiri wakiandika "vuli" pale Kiingereza kinaposema majira ya majani kupukutika. Neno moja, misimu miwili isiyojuana. Vuli yao ni kufunga shamba. Vuli yetu ni mvua fupi, na Ukambani hasa ndiyo mvua inayotegemewa kuliko ya Machi. Novemba mbegu ziko chini tayari. Mtu ametoa akiba yake ya mahindi na kunde, ameifukia, na anatazama mawingu. Hajapoteza bado. Ameweka dau.

Tazama mwezi wetu wote hivyo. Mtahiniwa wa KCSE amefunga kitabu na hajui. Mama wa chama amechanga tangu Januari na anasubiri Desemba igawanywe, akiomba mweka hazina asipotee. Aliye Ghuba amebakiza miezi. Boda anahesabu kama mvua itamlisha au itamlaza. Kwao Novemba ni baada ya hasara. Kwetu ni kabla ya matokeo. Hiyo ni hisia tofauti, na ina muziki wake tofauti. Wyclef ndiye aliyeikaribia zaidi, maana yeye pekee kati ya hawa anaimba akiwa bado anasubiri.

Kwa hivyo kama wewe ni mwanamuziki na unapanga kutoa ngoma ya mvua mwaka huu, mimi kama msikilizaji naomba vitu vitatu. Usinipe mvua ya keki. Nipe mvua inayoingia kwa nani, mtaa gani, saa ngapi. Usikimbilie korasi kama hadithi haijaomba kupumzika. Na uwe na hesabu. Sema ni wangapi, sema ni tarehe gani, na miaka kumi baadaye ukigundua ulimkosea mtu kwenye ubeti, rudi ubadilishe.

Kwa wiki zilizobaki, ukitaka kusikiliza kwa mpangilio, anza na Adderley na Miles usiku, stima ikiwa imepotea. Kisha Lightfoot, bila kufanya kitu kingine, dakika zote sita na nusu. Kisha Wyclef kwenye mathree, dirisha likiwa na ukungu na nauli imepandishwa kwa sababu ya manyunyu. "November Rain" iweke mwisho, na tafadhali, usiikate kwenye dakika ya sita.